Mwangangi Aita Mwethya

Kalunde alikuwa na sauti ambayo akiipandisha kwenye kilima kimoja, wavivu wa kilima cha pili walikumbuka kazi zao. Ndiyo maana wanawake wa kijiji chao, upande wa chini wa Kasikeu, walimfanya kiongozi wa mwethya. Mwethya ni majirani wanaofanya kazi kwa zamu: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye zamu anawalisha wenzake. Nyimbo za kazi Kalunde alizitunga papo hapo, na ukizembea ulijikuta ndani ya ubeti, wewe pamoja na ukoo wako.

Aliolewa pale miaka ya sitini, wakati wa njaa, na kitu cha kwanza alichofundishwa na mama mkwe hakikuwa kupika, bali kuchimba. Mto wao ulipitisha maji siku za mvua tu. Muda uliobaki ulikuwa mchanga mtupu, mgeni akiupita anausikitikia. Lakini mchanga ule ndio uliokuwa tangi lao. Ukiufukua kwa kata, maji yalichomoza taratibu, safi na baridi kuliko ya mtungini. Mchanga ukiondoka, maji nayo yanaondoka, na jambo hilo hata mbuzi walilijua.

Aliyekuwa halijui ni Mwangangi. Alizaliwa pale, lakini babake alimchukua Nairobi angali mdogo, akabaki kijijini mama yake, mzee Nzilani. Katikati ya miaka ya themanini Mwangangi akarudi na lori. Nairobi ilikuwa inajengwa maghorofa na mchanga ulitafutwa kama dawa. Kipande cha mto kilichopita kando ya shamba la marehemu babake akakiita chake. Na ili asionekane mlafi, alikuja na miche ya miti kwenye mikebe, akaitisha mkutano.

"Mimi napenda mazingira sana," akasema. "Kila lori ya mchanga ikitoka, napanda mti moja. Mwishowe nyinyi mtakuwa na msitu."

"Na huo msitu utakunywa nini?" Kalunde akauliza.

"Mvua, mama."

"Ee, hata sisi tungekunywa mvua, lakini huwa haikai."

Watu wakaangua kicheko. Mwangangi naye akacheka, maskini, akidhani wamempenda.

Vijana wakamtajia mshahara wa kupakia, akaona ni mwingi. Hapo akajiona mjanja: si kuna mwethya? Watu wanakuja wenyewe, wanaimba, wanakula, wanarudi kwao! Akachinja mbuzi, akatuma neno kwa Kalunde.

"Hatuendi," Syombua, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akamwambia. "Tukayamwage maji yetu wenyewe?"

"Ameita mwethya. Akiita, tunaenda."

Wakaenda na makarai yao. Kalunde aliimba, na mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyemwitikia. Kila karai alilolipandisha lilimuuma. Lori likajaa, likaondoka, mche mmoja ukapandwa. Njia nzima ya kurudi Syombua hakumsemesha. Kalunde alijua kwamba hesabu yake ikikosea, yeye ndiye atakayekuwa ameuuza mto kwa nyama ya mbuzi.

Jumatatu iliyofuata, kundi zima lilikuwa mlangoni kwa Mwangangi na majembe.

"Leo ni zamu ya Syombua," Kalunde akasema. "Tunachimba mitaro ya shamba lake. Chukua jembe."

Mwangangi akatabasamu, akatoa noti. Kalunde akaipokea, akaiweka juu ya jembe lililolala chini, akarudi nyuma kidogo. Wote wakaitazama ile noti.

"Mbona haichimbi?" Kalunde akauliza.

Mwangangi akasema yeye ana shughuli. Ndipo mzee Nzilani akatoka na mkongojo.

"Hii nyumba nalala ndani, nani alijenga? Wewe ulikuwa Nairobi. Ni hawa walibeba mawe na kichwa. Wewe uliita, wakakuja. Sasa wamekuita. Toka, mwanangu, usinitie aibu."

Akatoka. Kufikia saa sita viganja vyake vilikuwa vimevimba, na alikuwa ameshaimbwa beti zisizoandikika hapa. Baada ya Syombua ikawa zamu ya jirani yake, kisha ya mwingine, maana mwethya hauruki nyumba. Zamu yake mwenyewe ingerudi wote wakishamaliza, na kijiji kilikuwa na nyumba nyingi. Vijana wa kukodi hakupata tena: mama zao wote walikuwa kwenye kundi, na hakuna aliyetaka kuimbwa.

Zamu ya Kalunde ilipofika, hakuitia shambani. Aliita mtoni, palepale kando ya shamba la marehemu, wajenge ukuta wa mawe kutoka ukingo hadi ukingo wa mto.

"Kila mtu anakuja na kitu ako nayo," akamwambia Mwangangi. "Syombua ako na sururu. Wewe uko na lori. Tuletee mawe."

"Lakini hii mchanga ni yangu, mama!"

"Ni yako kabisa. Tunakusaidia isitoroke."

Syombua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamshika Kalunde mkono, na Kalunde akajua amesamehewa. Ukuta ukakamilika mvua ikikaribia. Mafuriko yakaja, yakautupa mchanga nyuma ya ukuta, na kiangazi kilichofuata mashimo hayakukauka. Mwangangi alikuwa amesharudi Nairobi, lori likiwa limechoka kama mwenyewe. Mche wake Kalunde aliumwagilia, kwani mti haukuwa na kosa.

Miaka ya tisini Kalunde alikwenda Nairobi kumwona bintiye aliyejifungua, akabeba na galoni ya maji ya mtoni, kwa sababu maji ya mjini hakuyaamini. Mwangangi akapata habari, akaja kumsalimia. Kinyongo kilikuwa kimekwisha. Akampeleka yeye na galoni yake kumwonyesha ghorofa alimopanga, akapiga ukuta kofi la fahari.

"Hii ukuta, mama, ndiyo ile lori yenu ya mchanga."

Kalunde akaugusa kwa kiganja. Lori moja tu, na bado lilimuuma. Kisha akaomba maji ya kunywa, apate kuona ya mjini yakoje.

Mwangangi akafungua mfereji. Ukakohoa, ukatoa hewa.

"Maji ilipotea tangu Ijumaa," akasema, macho chini.

Kalunde akafungua galoni yake, akamjazia kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Hii ndiyo ilibaki."

Mwangangi akanywa yote, akaomba tena.