Mlo Ambao Hakuna Aliyeinuka

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe mwalimu alihama katikati, lakini hiyo ni habari nyingine. Leo nasema habari ya nyama.

Mwaka 2017 cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha spaza, kiduka cha mtaani, ya Mbangladeshi mmoja, Soweto. Mtu mwema. Alikuwa ananiita chacha, kwao ndiyo baba mdogo. Basi akaamua kurudi kwao Chittagong, na duka akamwachia mdogo wake, bwana mmoja wa ndevu nyingi na maneno machache. Huyo ndiye angeamua kama nabaki kibarazani au naenda kushonea kwenye jua kali kando ya robot, yaani taa za barabarani.

Kaka mtu akaniambia, "Chacha, Jumapili tuna mezban ya marehemu baba yetu, kule Mayfair. Njoo ule, kisha umwombe mwenyewe. Siku hiyo hawezi kukunyima kitu."

Mezban ni kama hitima yetu, ila yenye nguvu zaidi. Hakuna kadi, aliyesikia anakuja. Ng'ombe anapikwa kwa mafuta ya haradali mpaka mchuzi unakuwa na rangi ya kutu, pembeni wali mweupe na dengu zilizochemshwa na mifupa. Watu wanakula kwa zamu, safu kwa safu, na wa zamu inayofuata wanasimama nyuma ya kiti chako wakitazama kisogo chako. Kisogo changu hakijatazamwa hivyo tangu nilipokuwa nanyolewa na marehemu mama.

Mama huyo, kule kwetu mtaa wa Buyenzi, alitufundisha kwamba mgeni akibakiza chakula amemtukana mpishi. Nikamaliza sahani. Mdogo mtu akaja na ndoo ya nyama na upawa, akajaza. Nikamaliza. Akajaza. Kumkatalia nitamkataliaje, na kibaraza changu kiko mkononi mwake? Kila nikifungua mdomo nimwombe, mdomo una mfupa.

Cha ajabu, wenzangu wa safu walikuwa wamekwisha kula. Wamekaa tu, mikono ina mchuzi, wananitazama. Nikasema moyoni, watu hawa wana adabu ya ajabu, si wainuke waende zao?

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mtanzania mmoja, kinyozi. Akainama sikioni.

"Shikamoo mzee. Unakula mpaka Idi?"

"Marahaba. Nawangoja hawa wainuke."

"Wanakungoja wewe! Kwao safu inainuka pamoja, na wewe ndiye mkubwa wao."

"Sasa huyu wa ndoo mbona haachi?"

"Ataachaje, sahani yako tupu? Kwao tupu maana yake una njaa. Ukishiba unafunika sahani kwa mkono. Funika mzee, tunakufa huku!"

Nikafunika. Nilifunika upawa ukiwa umeshainama. Mchuzi wote, na mafuta yake, ukashuka juu ya mkono wangu wa kulia, mkono wa kushonea.

Nilipiga kelele nikainuka. Safu nzima ikainuka na mimi, kwa heshima, na wale wa nyuma wakakaa kabla viti havijapoa. Yule kinyozi hata pole hakusema, alikuwa ameshashika wali.

Mdogo mtu alinivuta mpaka bombani, ndoo bado kwapani, uso umemshuka. Kumuunguza mgeni kwenye mezban ya baba yake! "Chacha, sema unataka nini. Chochote."

Nikasema, maji yakiendelea kumwagika mkononi, "Kibaraza."

"Kibaraza chako hicho, kaa mpaka uchoke."

Nikabaki. Ila Jumatatu mkono ulikuwa umefungwa bandeji kama mtoto mchanga, na mama mmoja kaja na kitambaa cha suruali ya shule. Nikaanza kumrudisha. Mdogo mtu akatoka dukani, akafunga mlango, akavuta kreti ya soda akakaa kando yangu. Mimi nakanyaga, yeye anasukuma kitambaa. Mguu mmoja wa suruali ulitoka mfupi. Yule mama aliugeuza, akautazama, akatutazama na sisi.

"Eish," akasema, "nani kati yenu ndiye fundi?"

Mdogo mtu akaninyooshea kidole haraka sana.