Siku ya Kamanda

Kila nikisikia harufu ya chokaa mbichi hugeuza njia. Mjini Koboko mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa ikikaribia Siku ya Kamanda, na siku hiyo, niwaambie ukweli, ilipitishwa mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa diwani wa Kuluba, na baraza la wilaya lilitaka kumtengea marehemu Kamanda, shujaa wa vita wa wilaya yetu, siku moja kila mwaka, shule zifungwe, ngoma zichezwe. Spika alitaka wote wakubali. Kama hata mmoja angebaki kitini, hoja ingeondolewa. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeshaliahidi darasa zima likizo. Lakini nyumbani Kamanda akitajwa redioni, Mama aliizima. Hakusema kwa nini, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Siku ya kura nilining'inia kwenye dirisha la ukumbi pamoja na wajukuu wawili wa Kamanda, niliosoma nao. Spika akawaomba wanaokubali wasimame. Viti vikakwaruza sakafu, wakasimama wote isipokuwa Mama.

Spika akaacha Kiingereza chake cha vikao. "Mama, sisi wote iko nangoja wewe."

Mama aliangalia meza. Mtu akakohoa. Nikamkasirikia kabisa: mbona ananiaibisha? Kisha akageuza uso, akatuona sisi watatu dirishani. Alitutazama mmoja mmoja, halafu akasimama, mikono imeshika meza.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Mwaka jana tu, tukichambua maharagwe uani, nilimwuliza. Akanieleza kwamba wakati wa vita Kamanda ndiye aliyekuja kumchukua babu nyumbani. Babu hakurudi, na kaburi lake hatulijui.

"Sasa Mama, kwa nini ulisimama?"

"Niliona wewe iko na ile batoto," alisema bila kuinua macho. "Kesho unasoma na wao. Kama mimi nakaa, wao nafanya wewe nini?"

Nilitoa mawe kwenye maharagwe, nikiona aibu mpaka masikioni. Mama alisimama kumheshimu mtu aliyemtoa baba yake mlangoni, ili mimi nisiteswe darasani. Na katika ukumbi ule mzima, aliyeshangilia kuliko wote nilikuwa mimi.