Siku Tulipomkalia Prezida Anatole

Mama Obiageli, Mwigbo anayeuza vitenge mlango wa pili kutoka saluni yetu, hajui kusema polepole. Akikusalimia wewe, mtaa wetu mzima wa Point unaitikia. Mwaka ule wa 2012 ndiye aliyenikuta nalia.

Anatole, prezida wa chama chetu cha wachuuzi, alikuwa ametangaza kwamba mahali ninaposukia nywele atapewa binamu yake, fundi simu. Na mimi watoto wangu wanakula kwa kiti kile cha kusukia!

"Nenda mkutanoni ukaseme," Mama Obiageli akaniambia.

Nikamjibu mkutano ni wa wanaume tu. Weee! Alinifokea kana kwamba sheria nimeitunga mimi.

"Kwetu zamani soko lilikuwa la wanawake, na baraza letu tulikuwa nalo. Mzungu akaja, akatafuta machifu wenye ndevu, sisi akatuona watu wa jikoni. Kwani Anatole naye ni Mzungu?"

"Hapana, mama. Ni Mkongo wa Uvira."

"Basi tutamkalia."

Kumkalia mwanaume mkosaji, kumbe, ni kwenda wanawake wote kwake, kumwimbia makosa yake mlangoni, na kutoondoka mpaka akubali. Jumamosi tukaenda wanawake wachuuzi wote na michi na sufuria. Shida iko moja: sisi Wakongo na Warundi tulijua nyimbo za kwaya tu. Basi matusi tukayatia humo humo.

Anatole akadhani kanisa limekuja kumpongeza. Akatoka na suti, akacheza, akatugawia Fanta! Tukanywa, jua lilikuwa kali. Ubeti wa tatu ndipo akasikia jina lake likifuatana na neno mwizi. Eish, kiuno kikasimama.

"Kiongozi wenu nani? Niongee naye."

"Hatuna," akasema Mama Obiageli. "Bibi yangu alisema walipomkalia chifu zamani, hata polisi wa Mwingereza walimtafuta kiongozi wao, wakamkosa."

Ikabidi atuombe msamaha mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilisema: mahali pangu sitoki, na mkutano ujao nakuja kupiga kura. Akakubali mbele ya majirani. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Tukaanza kukusanya sufuria. Hapo Agathe, mke wake, akatoka ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa chini katikati yetu.

"Mnaenda wapi?" akauliza. "Mimi sijasema langu."

Tukakaa tena.