Mtumishi na Mahindi ya Gogo Chelagat

Alfajiri katika nyumba ya Waithera siku hizi haina sauti ya mwanamume. Ukungu hushuka kutoka msituni ukalala juu ya mashamba ya huku Bahati, ng'ombe hukoroma bandani, jogoo wa jirani hujaribu koo lake, na sebuleni, mbele ya ukuta uliopakwa samawati kwa makusudi, kuna kimya. Hakuna anayekohoa kusafisha koo kisha akaanza, "Shalom, shalom, wapendwa wa Umande!" Hakuna anayemwambia Waithera azime mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe kwa sababu Roho hapendi kelele. Huiwasha saa anayotaka, na Roho, kama alikuwa na malalamiko, hajayaleta.

Aliyeacha kimya hicho ni mumewe, Jamleck Ndegwa. Watu wakifa husifiwa na wakihama husengenywa, na Jamleck hakufa.

Alizaliwa Subukia, kitinda mimba wa mkulima wa kahawa, akapewa sauti kama wengine wanavyopewa shamba: bila kuitolea jasho. Ilikuwa sauti nzito, yenye asali na moshi kidogo. Tangu ujana aliombwa kufungua mikutano na kubariki chakula, na kwa vile anayebariki chakula hatarajiwi kuosha sufuria, alikua akidhani hivyo ndivyo ulimwengu ulivyogawanywa. Alifungua duka la dawa za mifugo hapo Bahati, akamwoa Waithera, na Waithera ndiye aliyejifunza dawa gani ni ya kupe na ipi ya minyoo. Yeye Jamleck aliwaombea wateja.

Bahati palikuwa na ushirika wa nyumba kwa nyumba, ulioanzishwa na mzee Karanja, mtu mfupi asiyejua kuhubiri. Kila Alhamisi alasiri nyumba moja ilikuwa na zamu. Wanaushirika walifika na majembe, mapanga, debe za maji, chochote nyumba hiyo ilichohitaji, wakafanya kazi kwanza. Wakimaliza, wakanawa, wakanywa chai, wakaomba kwa ufupi kwa sababu walikuwa wamechoka. Zamu ilizunguka mtaa mzima, na ilikuwa mwiko kurudi kwenye nyumba ambayo zamu yake imepita kabla mzunguko haujaisha. Kurudi kulikuwa kama kuwaambia waliotangulia kwamba kazi yao ilikuwa mbovu. Basi hakuna aliyerudi, na hakuna aliyeomba arudiwe.

Karanja alipokufa, walimchagua Jamleck. Walichagua sauti.

Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga makanisa, Jamleck alinunua kistendi cha simu cha miguu mitatu na taa ya duara, akafungua ukurasa mtandaoni akauita Umande wa Alfajiri. Kusema kweli, wakati huo ulifaa. Watu walikuwa wamefungiwa na hofu ndani ya nyumba, na neno lililopita kwenye simu lilikuwa afadhali kuliko ukuta. Lakini makanisa yalipofunguliwa, wengine walitoka nje na Jamleck akabaki ndani. Alikuwa amegundua jambo tamu: kwamba mtu anaweza kupendwa na watu ambao hatawahi kuwabebea gunia.

Waithera hakuichukia simu. Dada yake Nyakio, kule Njoro, alisikiliza Biblia kwenye simu akikamua ng'ombe, na akishakamua alipeleka kikombe cha maziwa kwa jirani mgonjwa, bila picha. Simu haina kosa. Panga pia halina kosa. Lakini Jamleck alikuwa akipakua. Alipakua mahubiri yaliyokwisha kupangwa na watu wa nchi za mbali, akayasoma kama yake. Alipakua picha za machweo juu ya milima isiyojulikana na mtu Bahati, akaandika juu yake aya moja na jina lake. Alipakua mpango wa siku saba wa kumtumikia jirani, akausoma wote ameketi kitako, na siku ya nane akaanza mwingine juu ya unyenyekevu. Akaanza kujiita Mtumishi. Waithera alijaribu kukumbuka ni nani aliyewahi kutumikiwa, akashindwa.

Kisha akahamisha Alhamisi. "Tunabadilika na nyakati," aliwaambia wanaushirika. "Saa tisa kila mtu aingie laivu akiwa kwake. Tutaombea nyumba yenye zamu, na baraka zitaifikia."

Wangeweza kukataa. Hawakukataa. Hakuna aliyelilia tope la shamba la mwenziwe. Zeddy, mwanaushirika aliyekuwa na mgongo wa chuma kila palipochezwa ngoma ya harusi, alisema kwamba kweli mambo ya majembe yalikuwa yamepitwa na wakati. Basi viganja vidogo vya manjano vya kwenye simu, vilivyokutanishwa kwa maombi, vikachukua nafasi ya viganja vya nyama, na kila mtu akaona ushirika umekua.

Ng'ambo ya kijito aliishi Gogo Chelagat, gogo yaani bibi kwa Kikalenjin, mjane mwenye simu ya kabambe, ile ya vibonyezo, isiyojua mtandao. Mumewe alikuwa amezikwa mwisho wa shamba, chini ya mkuyu. Mwaka huo aliteleza bandani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mahindi yake yalikuwa yamekauka yamesimama, yanangoja kuvunjwa. Mwanawe Bethwel, anayeishi Kapsabet, alikuwa amechoka kumbembeleza ahamie kwake. Wakakubaliana hivi: msimu huu mahindi yakiingia ghalani, Gogo anabaki na Bethwel hatasema tena. Yakishindikana, Bethwel anakuja na lori, na Gogo anapanda bila ubishi.

Gogo alikubali bila wasiwasi. Habari za Alhamisi za laivu hazikuwa zimevuka kijito, na zamu yake ilikuwa Alhamisi iliyofuata.

Siku hiyo alifagia uwanja kwa mkono wa kushoto. Akaazima vikombe. Akachemsha chai kwenye sufuria kubwa ya mazishi, akatoa mabenchi, akaketi. Ng'ambo ya kijito, mbele ya ukuta wa samawati, Jamleck aliweka picha ya Gogo aliyoipiga siku ya mazishi ya Karanja, akaombea "mavuno ya mjane" kwa nguvu hata mtu mmoja aliyeko Qatar akaandika kwamba analia. Alipomaliza alijifuta jasho na kusema, "Zamu ya Gogo imekamilika, wapendwa. Wiki ijayo ni kwa kina Zeddy."

Na ikawa imekamilika. Alhamisi za simu zilikuwa bado mpya, na kila aliyekuwa na wasiwasi alijiambia kwamba kwa Gogo, ambaye hana mtandao, lazima wengine walikwenda kwa miguu. Kuuliza kungekuwa kuwatilia shaka. Kwenda kungekuwa kuvunja mwiko. Hata Joyline, jirani wa karibu kabisa, aliyeyaona mahindi yamesimama kutoka jikoni kwake, alisema baadaye kwamba alidhani Gogo aliomba yaachwe yakauke zaidi.

Waithera hakuwepo. Alikuwa Njoro akimuuguza Nyakio aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua. Aliporudi, hata kabla ya kuvua viatu, aliuliza.

"Baba Natalie, Gogo alivuniwa?"

"Zamu yake ilifanyika," alisema Jamleck, macho kwenye simu. "Ilikuwa na nguvu ajabu. Watu walibubujika."

Waithera naye alidhani kwa Gogo walikwenda kwa miguu, akayaona magunia kichwani mwake, akalala usingizi mzuri. Mvua ikaanza, ile ya kuja msimu si wake, ikapiga mabati siku baada ya siku. Ilipopumua kidogo, alichukua kibuyu cha maziwa akavuka kijito.

Gogo alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa kitambaa.

"Karibu, Mama Natalie. Umechelewa kwa chai."

"Chai gani, Gogo?"

"Ya Alhamisi. Niliwangoja. Ile iliyobaki nikawapa kuku, na siku mbili hawakulala." Akacheka. "Nikasema labda mmefiwa. Alhamisi nyingine nikapika tena. Sasa majani yamekwisha."

Waithera aliangalia nyuma ya nyumba. Mabua yalikuwa meusi, yamelalia upande. Alishika hindi moja, akavuta maganda, na ukungu wa kijani ukamganda vidoleni.

"Gogo, kwa nini hukuita mtu?"

"Kuita nani? Zamu ni zamu. Nikianza kupiga kelele, nitasema Karanja alitufundisha nini? Nilijua mtakuja." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza sauti ikapungua. "Mtakuja lini?"

Waithera aliweka kibuyu chini. Alivuka kijito akaanza mlango kwa mlango, na hakubisha kwa upole. Zeddy alitoka akitafuna.

"Lakini zamu yake ilipita, Mama Natalie."

"Ilipita wapi? Wewe uliiona ikipita?"

"Tuliomba."

"Sawa. Sasa chukua gunia."

Walikuja, wameinamisha vichwa, wakavunja mahindi kwenye matope hadi giza, na kesho yake tena. Jamleck aliomba udhuru, koo lilikuwa linamwasha. Yaliyopona hayakujaza pembe ya ghala. Mengine hayakufaa hata kwa ng'ombe, wakayachoma, na moshi wake ulikuwa mzito, wa kunuka pombe, ukakaa juu ya kijito kana kwamba na wenyewe hauna pa kwenda.

Lori la Bethwel lilikuja Jumamosi. Gogo alikwenda kusimama kidogo chini ya mkuyu, akarudi, akapanda mbele bila kusaidiwa. Hakubishana. Alikuwa ametoa neno lake. Hapo ndipo Jamleck alipotokea, na koti, koo limepona.

Bethwel alimpa mkono. "Mtumishi! Mimi nakufuata kila asubuhi, unajua? Kapsabet tunakusikia vizuri kabisa. Shida ni huku karibu."

Wanaume waliokuwa wakifunga kamba walicheka. Jamleck hakucheka wala hakuona haya. Haya inahitaji mtu awe mahali alipo. "Tuombee safari," alisema, akainua simu juu ili lori lionekane lote.

Jumatatu alfajiri Waithera alikuwa anapita na ndoo ya maziwa alipomsikia sebuleni. Somo la siku liliitwa kuachilia. "Tuna mama mmoja mjane," sauti ilikuwa ikisema, ile ya asali na moshi, "ambaye Bwana amemwambia, ondoka katika nchi yako. Na sisi kama ushirika, wapendwa, tulimbeba Gogo huyo mpaka mwisho."

Waithera aliingia na ndoo yake, akasimama kati ya mumewe na ukuta wa samawati, kanga kichwani, samadi kwenye gambuti.

"Baba Natalie, waambie hao watu mahindi ya Gogo yaliozea wapi."

Jamleck alitabasamu kwa meno. "Mama Natalie, tuko laivu."

"Najua. Waambie alitungoja na chai. Waambie zamu yake uliifanyia hapa, kwenye hiki kiti, na kwa sababu ulisema imekwisha hakuna mtu aliyekwenda. Hakuachilia kitu. Amepokonywa. Na mimi nilikuuliza, ukaniambia watu walibubujika."

Alidhani sasa kitu kitaanguka. Akainama atazame kioo cha simu, aone nyuso za hao ambao sasa walijua. Maandishi yalikuwa yakipanda haraka. *Amina. Napokea. Amina mama, umeguswa, endelea. Ubarikiwe mama mtumishi, neno zito. Amina kutoka Dubai.*

Waithera aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, na kufikia lile la Dubai alikuwa anacheka hata maziwa yakamwagika miguuni.

Jamleck alizima simu. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Watu gani? Hao wamesema amina."

Siku hiyohiyo Jamleck alikata kile kipande na kukipandisha upya, akakipa jina: Adui Anapotumia Watu wa Nyumbani Mwako. Kikatazamwa kuliko chochote alichowahi kusema. Jioni Natalie, binti yao anayesoma chuo kikuu Njoro, alipiga simu.

"Mum, sasa? Umetrend."

"Nimefanya nini?"

"Umetrend. Uko kwenye kila simu, watu wanakuombea ukombolewe."

"Nikombolewe kutoka kwa nani?"

"Hawajasema. Mum, lakini Gogo yuko sawa?"

Katika maelfu yote, huyo ndiye wa kwanza kuuliza, na Waithera ilibidi aketi chini.

Jamleck hakufukuzwa. Watu kama yeye hawafukuzwi. Husema wameitwa mahali pengine. Alieleza kwamba nyumba imekosa utulivu wa kiroho, kwamba huduma imekua kupita Bahati, kwamba kila nabii alikataliwa kwao. Alifunga kistendi na taa kwenye blanketi zuri la harusi yao. Zeddy alimsaidia kubeba mizigo hadi barabarani, akarudi akasema Mtumishi ameondoka kwa amani. Duka la dawa aliliacha, kwa kuwa hakujua lilivyoendeshwa.

Shamba la Gogo limekodishwa na mfanyabiashara wa vitunguu. Gogo yuko Kapsabet, kwenye chumba chenye vigae, na akipigiwa simu anauliza juu ya mkuyu.

Jamleck Ndegwa anaishi Lanet, chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari, na kila asubuhi yuko hewani.