Waliokuja Kunipa Pole

Miaka mingi sasa naimba bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, katika hoteli moja hapa Dubai, Jumamosi mchana, watu wakiwa wanakula. Nimechoka kushindana na sahani. Wiki moja meneja aliniita akaniambia wageni wanataka muziki wa kuchangamka: nitaimba nikifuatisha muziki wa kompyuta, gitaa nilivae tu shingoni lipendeze kwenye picha. Alitaka jibu kesho yake. Viza yangu ni ya hoteli hiyo. Nikikataa, narudi Tanga.

Nilirudi mtaani kwangu Al Twar, kwenye chumba nilichopangishwa na bibi mmoja wa Kizanzibari, nikachukua gitaa. Maneno sikuyataka. Niliguna tu, ile miguno mirefu ya kutoka tumboni ambayo kwenye bluzi ndiyo wimbo wenyewe. Niliguna mpaka alasiri.

Mara nikasikia hodi. Bibi alisimama mlangoni na majirani wawili, wote wamejitanda kanga, mmoja kabeba chupa ya chai, mwingine mkate wa kumimina. Wakaingia, wakakaa chini kimya kama watu waliofika matangani. Bibi akanishika mkono.

"Pole mwanangu. Nani katangulia?"

"Hakuna, Bibi."

"Tumekusikia tokea adhuhuri. Mbona watuficha?"

Niliona haya hata nikatamani kumuua mjomba mmoja huko kwetu ili wasiwe wamejisumbua bure. Nikasema ukweli: hapana msiba, nilikuwa naimba. Jirani mmoja akaanza kucheka, Bibi akamkata jicho.

"Basi imba," akasema. "Ushatukalisha kitako."

Niliwaimbia wimbo niliotunga juu ya mama yangu, mwanzo hadi mwisho, bila kuufupisha. Hakuna aliyegusa mkate. Bibi alilia waziwazi, akajifuta kwa pembe ya kanga, kisha akauliza, "Na huko hotelini, wanalia?"

"Wanakula, Bibi."

"Maskini," akasema. Sikujua ananihurumia mimi au wao.

Walipoondoka nilikula ule mkate peke yangu. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilinichosha, kwa sababu nilijua haibadilishi kitu. Nikamwandikia meneja kwamba nimekubali, nikamuuliza Jumamosi nivae rangi gani.