Jalada Jekundu la Daftari Langu

Karatasi nyekundu tuligawiwa katika shule ya misheni, kila msichana kipande chake, tufunikie daftari lisichakae. Enzi hizo za Mwingereza daftari liliandikwa hadi pembezoni mwa kurasa, na likijaa babu alilidai asokotee tumbaku yake. Lakini ile nyekundu ilikuwa na kazi ambayo mwalimu hakutufundisha. Ukiilowesha kwa mate na kujipaka, midomo inakolea mpaka unajishangaa. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Dada yangu mkubwa alimpenda kijana mmoja wa Misigiri, na sifa zake nilizisikia mpaka nikazichoka. Siku shangazi wawili wa kijana huyo walipokuja kumtazama dada, mambo yote yalikuwa mikononi mwao. Wakikataa, hakuna posa. Basi nikachana jalada la daftari langu, tukajifungia chumbani, nikampaka. Alipendeza kupita kiasi.

Alipiga magoti, akawaamkia, akaonja togwa kwanza kama ilivyo desturi, wageni waone haina kitu kibaya, kisha akampa shangazi mkubwa. Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe pe, na ukingoni pakabaki alama nyekundu.

Shangazi alikitazama, akakiweka chini. Akamwuliza mama taratibu, "Binti huyu anakohoa damu?"

Siku hizo kifua kikuu kilikuwa mwisho wa posa yoyote. Mimi, nyuma ya mlango, hofu na kicheko vilinipanda pamoja, nikauma kanga. Wageni walikwishaanza kuinuka. Dada akafungua fundo la kanga yake, akatoa kipande kilichobaki, akakilamba, akajipaka mbele yao.

"Si damu, shangazi," alisema. "Ni daftari."

Shangazi akanyoosha mkono, akakipokea kile kikaratasi, akakigeuzageuza. Halafu akakilamba upande mkavu na kujipaka yeye mwenyewe, tena kwa bidii, akamgeukia mwenzake amwambie amekuwaje. Mwenzake alicheka mpaka machozi yakamtoka, mama akafuata, na mimi nikaangukia ndani pamoja na mlango. Shangazi hakucheka. Alikichukua kikombe, akanywa togwa yote, akasema watarudi na wazee wazungumze na baba.

Ukingoni zilibaki alama mbili nyekundu, na mama alikataa katakata kikombe kile kioshwe mpaka baba arudi ajionee.