Bomba Kwenye Mlango wa Friji

Mke wangu aliniuliza swali moja ambalo mpaka leo jibu sina. Nilikuwa nimemwambia kwamba friji letu nalichukua, nalitoboa mlango, nalitia bomba ili bia itoke kama kule kwenye loji za watalii. Akauliza nyama na maziwa ataweka wapi. Nikamjibu kwa ujuaji wangu: "Weka nje. Baridi hii ya Karatu mwezi wa saba, friji gani litaishinda?"

Akaniangalia. "Kumbe! Sasa hiyo bia si uiweke nje?"

Nikajifanya napokea simu.

Nimeendesha watalii Ngorongoro zaidi ya miaka ishirini. Wenzangu walipostaafu walinunua ng'ombe. Mimi nikajenga baa sebuleni: kaunta ya mbao, viti virefu vitatu visivyokalika, na kibao cha "Karibu", utadhani kuna mtu angepotea njia kutoka jikoni. Kilichobaki ni bia ya bomba. Majirani walisema ni mbwembwe, na mbwembwe zilikuwepo, sikatai. Lakini niliyekuwa namwandalia hasa ni mtu mmoja, baba mkwe wangu wa kijijini Buger.

Mzee huyu hakuwahi kunywa chochote nyumbani kwangu tangu tumzike mama mkwe. Nasema "tumzike", kumbe najikweza. Walimzika wao. Mimi siku hiyo nilikuwa ukingoni mwa kreta, nawafungulia wageni bia baridi watazame jua likizama. Ningeweza kuomba dereva mwingine anishikie. Sikuomba, kwa sababu wageni wale walikuwa wepesi wa bakshishi, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Tangu hapo mzee akija kwetu anakula vizuri tu, ila glasi ikisogezwa anaifunika kwa kiganja. "Nimetosheka, dereva," anasema. Jina langu halijui tena.

Sasa binti yetu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, na babu yake lazima aje. Nikajiambia, bia ya chupa ameshazoea kuikataa. Ila bia inayotoka kwenye mlango wa friji, hiyo hata mtawa ataomba aonje.

Fundi niliyempata alikuwa hodari wa majokofu, na hodari zaidi wa kujisifu. Alitoa rafu zote, akaweka sikio mlangoni kama daktari, akatoboa. Tundu likawa kubwa kuliko bomba. Akaomba kitambaa cha kuzibia, nikampa cha kwanza kilichonijia mkononi. Ee Mungu wangu, kilikuwa kitenge cha mke wangu cha kwendea kanisani.

Pipa la bia liliagizwa Arusha, likapakiwa kwenye lori lililokuwa limepeleka vitunguu na sasa linarudi tupu. Dereva alitakiwa alishushe Karatu. Akasahau! Pipa likapitiliza hadi Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, likapanda tena juu ya shehena ya vitunguu, likanifikia asubuhi ya sherehe yenyewe, limetikisika njia nzima na linanuka kachumbari.

"Harufu iko nje, bia iko ndani," fundi akanituliza. "Ila liache lipoe na litulie mpaka kesho."

"Kesho mzee atakuwa Buger!"

Basi akaliingiza kwenye friji, akaunga mpira, akafungua mtungi wa gesi ya kusukumia bia. Akaongeza gesi kidogo, eti bia ipate nguvu.

Tulipotoka kanisani mzee akaingia na koti lake na blanketi begani. "Shikamoo, baba." "Marahaba, dereva." Nikampandisha kwenye kiti kirefu, miguu ikaning'inia. Akashuka mwenyewe, akaenda kukaa kwenye benchi la jikoni tulilolisogeza ukutani. Mimi nyuma ya kaunta, taulo mkononi, nikaanza kuisifia bia kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiwaambia watalii. Nikavuta bomba.

Povu! Likajaza glasi, likajaza jagi, nikaletewa sufuria ya pilau nayo ikajaa. Watoto wakapiga makofi. Mwisho nikapata vidole viwili vya bia, nikampelekea mzee nimeinama. Akagusa glasi kwa kidole.

"Ya baridi hii."

"Ya baridi kabisa, baba!"

"Huna ya moto?"

Mwezi wa saba Karatu, watu na makoti, nani anataka bia iliyopita kwenye friji? Mke wangu akatoka nje, kwenye kreti ya bia aliyokuwa ameiweka ukutani, jirani na nyama yake, akarudi na chupa moja isiyowahi kuona friji, na glasi mbili.

Mzee hakufunika glasi. Nikamimina, nikabaki nimesimama na taulo langu.

"Kaa," akasema.

"Baba, mimi nahudumia tu..."

Hapo kitenge kikafyatuka mlangoni, bomba likalegea, bia ikaanza kumwagika sakafuni. Nikaruka nikashike. Mzee akanidaka mkono wa shati.

"Acha imwagike." Hakupandisha sauti. "Siku ile ya mazishi nilikuwekea nafasi kwenye benchi, karibu yangu. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia mwenyewe anakuja. Mpaka jioni."

Nikaliweka taulo chini. "Nisamehe, baba. Nilipaswa kuja."

"Ndiyo," akasema. "Ulipaswa."

Akasogea kidogo kwenye benchi. Nikakaa. Bia ikatufikia miguuni, mzee akainua viatu vyake, akanywa.